Kuambaa Pengo si Kuliziba: Maoni kuhusu Istilahi na Upitishaji wa Data katika Mitandao ya Vihisi Visivyo na Waya

1.0 Utangulizi

Katika kikao kimoja cha kupitia orodha ya istilahi za teknolojia ya habari, ambacho mwandishi wa makala haya alihudhuria, lilizuka swali ambalo wengi wetu tulilidharau. Orodha tuliyoletewa ilikuwa na dhana mbili ambazo wahandisi waandikao kwa Kiingereza huzitaja kwa neno moja, nalo ni neno ambalo mtoto yeyote wa shule ya msingi angelitafsiri kuwa "shimo". Dhana ya kwanza ilihusu sehemu ya ardhi ambayo hakuna kihisi hata kimoja kinachoifikia. Dhana ya pili ilihusu mahali ambapo data zinazopokezanwa kutoka kihisi hadi kihisi hukwama kwa kukosa wa kuzipokea mbele. Kwa kuwa waliotuandalia orodha walitosheka na neno moja, nasi tuliona ni busara kutosheka na moja. "Shimo" likapitishwa kwa muda usiozidi dakika tano, tukaenda kunywa chai.

Makala haya ni maungamo yaliyochelewa. Tunakusudia kuonyesha kwamba uamuzi ule ulikuwa na kasoro, na kwamba kasoro hiyo haikuishia katika lugha, bali inagusa namna tunavyozisoma taarifa ambazo mitandao hii hutuletea. Hatudai kuwa sisi ni wahandisi. Lakini mwanaistilahi asiyejua kitu kinavyofanya kazi huishia kulitafsiri jina la kitu badala ya kukipa kitu jina. Kosa hili si geni katika taaluma yetu. Mjadala wa "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi" ulikula wino mwingi juu ya sura ya neno, ilhali watumiaji walikuwa wamekwisha kuchagua zamani.

2.0 Pupa na mkwamo

Kihisi tunachokizungumzia hapa ni kifaa kidogo chenye betri, redio ya masafa mafupi, kichakatishi cha nguvu haba, na ala ya kupimia jambo fulani: joto, unyevunyevu, moshi, mtikisiko wa ardhi au kina cha maji. Kimoja peke yake hakina faida kubwa. Vikitandazwa kwa makumi au mamia katika msitu, shamba au bonde la mto, na kila kimoja kikawa nodi inayozungumza na jirani zake, vinakuwa mtandao. Nodi nyingi hazina uwezo wa kurusha mawimbi hadi kwenye kituo pokezi moja kwa moja. Kwa hiyo data hupokezanwa, mfano wa watu waliojipanga mstari wakipeana ndoo za maji kuzima nyumba iwakayo.

Ni nani apewe ndoo? Njia mojawapo, na ndiyo iliyowavutia sana wanahisabati, ni ile inayotegemea mahali. Kila nodi inajua mahali ilipo, mahali zilipo jirani zake, na mahali kilipo kituo. Basi hukabidhi kifurushi cha data kwa jirani aliye karibu zaidi na kituo, naye hufanya vivyo hivyo. Tunapendekeza njia hii iitwe upitishaji wa pupa, maana hutazama hatua moja tu ya mbele na kuchukua iliyo bora kwa wakati huo. Uzuri wake ni kwamba nodi haihitaji ramani ya mtandao mzima, na kwa kifaa chenye kumbukumbu finyu hiyo si neema ndogo.

Pupa ina mwisho wake. Hutokea kifurushi kikaifikia nodi iliyo karibu na kituo kuliko jirani zake wote, ilhali kituo chenyewe kiko mbali kuliko masafa ya redio yake. Kila jirani wa kukabidhiwa yuko nyuma. Mbele ni kutupu. Kifurushi hakijapotea, hakijaharibika, kimekwama. Jiometria ya mkwamo huu ni nyepesi na inafurahisha. Tuchukulie kwamba nodi ina jirani wawili wanaofuatana, na pembe iliyo baina yao haizidi nyuzi 120. Basi mwelekeo wowote ulio ndani ya pembe hiyo hauwi zaidi ya nyuzi 60 kutoka kwa mmoja wa jirani hao, na kwa sababu hiyo mmoja wao lazima awe karibu zaidi na kituo chochote kilicho nje ya masafa ya redio upande huo. Mkwamo huweza kutokea pale tu ambapo pembe imepanuka kupita nyuzi 120. Qing Fang, Jie Gao na Leonidas Guibas waliitumia kanuni hii mwaka 2004 kuiwezesha kila nodi ijitambue yenyewe, bila kuuliza mbali, kama inaweza kuwa mahali pa mkwamo, kisha wakaonyesha jinsi ya kuufuatilia ukingo mzima wa eneo tupu.

Dawa ya mkwamo ilikuwa imekwisha kutolewa kabla yao. Mwaka 1999 Prosenjit Bose, Pat Morin, Ivan Stojmenović na Jorge Urrutia walieleza namna ya kuhakikisha kwamba kifurushi kinafika. Mwaka uliofuata Brad Karp na H. T. Kung waliandika kuhusu itifaki ambayo imekuwa ikirejelewa tangu hapo. Msingi wake ni kanuni ya mkono wa kulia. Mtu aliyeingia nyumba ya giza huweka mkono wa kulia ukutani, akatembea bila kuuondoa, na hatimaye hupata mlango. Kifurushi kilichokwama nacho hufuata nodi za ukingoni moja baada ya nyingine kulizunguka eneo tupu. Mara kinapoifikia nodi iliyo karibu na kituo kuliko pale kilipokwamia, huacha ukuta na kuirudia pupa.

Mwendo huu una jina tayari katika Kiswahili, na lilikuwapo kabla ya redio kuvumbuliwa. Ni kuambaa. Jahazi liambaalo pwani hufuata umbo la nchi kavu, likiona ukingo wakati wote bila kuugusa, likaingia kila ghuba na kutokeza kila rasi. Haliendi njia fupi. Linaenda njia ya hakika. Kitenzi "kuzunguka", ambacho orodha yetu ilikitumia, hakina habari hizo zote. Anayezunguka mlima anaweza kuuzunguka kwa mbali pasipo kuutazama, hali kifurushi hakina uhuru huo: hakijui ukubwa wa eneo tupu wala umbo lake, na kinachokijulisha ni ukingo tu.

3.0 Neno moja kwa mambo manne

Turudi kwenye "shimo". Shimo lina kina, na sifa yake kuu ni kwamba kitu hutumbukia ndani yake. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliwahi kuniandikia kwamba data "hutumbukia shimoni" na ndiyo maana hazifiki. Alikosea, na kosa si lake bali ni la neno tulilompa. Hakuna kinachotumbukia. Eneo tupu halina nodi ya kupokea kitu chochote. Kifurushi hubaki ukingoni mikononi mwa nodi iliyo hai.

Ni kweli kwamba wahandisi wenyewe wamelibebesha neno lao mzigo mzito. Nadeem Ahmed, Salil Kanhere na Sanjay Jha, katika mapitio yao ya mwaka 2005, walikusanya chini ya jina hilo moja maeneo yasiyohisiwa, maeneo yasiyopitika kwa data, maeneo ambayo mawasiliano yake yamezibwa kwa kelele za redio, na hila za nodi danganyifu ambazo huvutia vifurushi na kuvimeza. Katika hayo yote, ni hili la mwisho tu ambalo kwa Kiswahili ni shimo hasa. Huko vifurushi hutumbukia kweli.

Kuhusu yale mawili ya kwanza, hesabu ndogo inatosha kuonyesha umbali uliopo baina yao. Tuchukulie kihisi kinachohisi hadi mita 10 na redio yake inafika mita 50. Viwili vikiwekwa mita 40 mbalimbali, vinazungumza bila taabu, lakini katikati yao kuna mita 20 ambazo hakuna anayejua kinachotendeka. Eneo halihisiwi, data zinapita. Sasa tugeuze: kamera inayoona mita 100, redio ya mita 30, na umbali wa mita 60 baina ya nodi mbili zilizo peke yake. Kila moja inamwona mwenzake na yote yaliyo kati yao, wala haiwezi kumwambia neno. Eneo linahisiwa, data zimekwama. Watafiti walikwisha kuthibitisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba, katika eneo ambalo kingo zake hazikuingia ndani, redio ikifika angalau maradufu ya upeo wa kuhisi, basi kuhisiwa kwa eneo lote kunaleta muungano wa nodi zote. Kinyume chake hakithibitiki kamwe. Mtandao unaweza kuwa umeungana barabara, kila kifurushi kikafika, na bado nusu ya ardhi iwe gizani.

Kiswahili kina mali ya kutosha kwa kazi hii. Mtu aliyeng'oka jino ana pengo. Aliyezaliwa na nafasi kati ya meno ya mbele ana mwanya, na kwa wengi mwanya ni urembo. Pengo husema kwamba kitu kilikuwapo, au kilipaswa kuwapo, nacho hakipo. Mwanya husema kwamba ndivyo ilivyoumbwa. Basi ziwa lililo katikati ya hifadhi, ambamo hakuna aliyekusudia kuweka kihisi, ni mwanya wa mtandao. Mahali palipokuwa na vihisi vitano jana, na leo havijibu, ni pengo. Tofauti hii haimo katika neno la Kiingereza, nayo si pambo. Mhandisi anayeutazama mchoro wa mtandao wake asubuhi anahitaji kuijua kuliko anavyohitaji kujua jambo jingine lolote. Nafasi ya tatu, ile ya kifurushi kukosa pa kwenda, isiitwe kwa neno la mahali. Ni tukio, na "mkwamo" linalieleza bila kuhitaji ufafanuzi.

Kuna kisa ambacho kinachekesha kidogo kwa anayejali istilahi. Mwaka 2002 watafiti waliweka makumi ya vihisi katika kisiwa cha Great Duck, pwani ya jimbo la Maine huko Marekani, ili kuchunguza ndege wa baharini wanaotaga mashimoni bila kuwasumbua. Vihisi vingine viliwekwa ndani ya mashimo hayo hayo. Tukifuata orodha yetu, ingetubidi tuandike kwamba mashimo yalikuwa na vihisi, isipokuwa pale palipokuwa na shimo.

4.0 Kinachofichwa

Hadi hapa msomaji anaweza kusema kwamba tunabishana juu ya maneno. Tuangalie basi vihisi hufa vipi. Vitabu vya mwanzo hupenda kuchukulia kwamba hufa kwa bahati nasibu, kimoja hapa kimoja kule, kama balbu za taa. Baadhi hufa hivyo. Lakini mapengo makubwa hayaumbwi na bahati nasibu. Mvua iliyopenya kwenye kasha moja imenyesha juu ya jirani zake pia. Mafuriko husomba vihisi vya kingo za mto kwa mkupuo. Moto wa msituni huunguza kwanza vihisi vilivyowekwa kuutambua moto.

Tuchukulie msitu wenye vihisi vya joto. Moto unaanza katika bonde moja, unakwenda kasi, na kabla nodi hazijawahi kupeleka zaidi ya kipimo kimoja au viwili, zimeteketea. Pengo limeumbika. Vifurushi kutoka upande wa pili wa msitu vinafika ukingoni, vinakwama, vinaambaa kwa mkono wa kulia, vinafika kituoni salama. Itifaki imefanya kazi yake kikamilifu. Tungeipima kwa kiwango cha vifurushi vilivyofika, ingepata alama za juu. Na mlinzi aliye kituoni anatazama skrini iliyojaa vipimo vya kawaida kutoka kila mahali, isipokuwa mahali pekee penye habari. Ikiwa programu iliyo kituoni inachora ramani ya joto kwa kukisia maeneo yasiyo na kipimo kutokana na yale yaliyo jirani, kama programu nyingi zinavyofanya, bonde linaloungua litapakwa rangi ya utulivu wa vilima vinavyolizunguka.

Hapa ndipo neno moja kwa mambo mawili linapoleta hasara. Anayesoma kwamba itifaki fulani "imetatua tatizo la mashimo" anaelewa kwamba mashimo hayapo tena. Kilichotatuliwa ni mkwamo. Pengo liko palepale, na sasa limekuwa gumu kulitambua kuliko awali, kwa sababu dalili yake ya wazi, yaani kukatika kwa data kutoka upande wa pili, imeondolewa. Si kwamba wahandisi hawalijui hili. Wapo walioandika mengi kuhusu kuuweka tena kihisi palipo na pengo au kusogeza vihisi vyenye magurudumu. Tunalolisema ni kwamba msomaji wa Kiswahili, atakayekutana na dhana hizi kwa mara ya kwanza katika lugha yake, anaweza kuepushwa na mkanganyiko ambao wenzake waliurithi.

Lipo na jambo la pili linalofichwa. Nodi za ukingoni hubeba vifurushi vyao wenyewe na vya wote wanaoambaa. Redio ndiyo inayokula betri kuliko sehemu nyingine nyingi za kifaa, basi nodi hizo huchoka mapema, hufa, na ukingo husogea nje. Pengo hukua kwa sababu ya dawa ya mkwamo. Ni mara chache istilahi ikipata ushahidi ulio wazi hivi kwamba vitu viwili ni viwili: kimoja kinapotibiwa, kingine kinazidi.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa upitishaji unaotegemea mahali haukuenea sana nje ya maabara. Wana sehemu ya haki. Mwaka 2005 Young-Jin Kim, Ramesh Govindan, Brad Karp na Scott Shenker walionyesha kwamba masafa halisi ya redio hayana umbo la duara kama vitabu vilivyochukulia, na kwamba kutokana na hali hiyo kanuni ya mkono wa kulia inaweza kukizungusha kifurushi bila kukifikisha. Wakapendekeza njia ya kurekebisha. Mitandao mingi iliyofuata ilichagua njia nyingine. Itifaki iliyosanifiwa mwaka 2012 kwa vifaa vya nguvu ndogo, RPL, haiulizi nodi iko wapi. Huipa kila nodi cheo kinachotegemea gharama ya kufika kituoni, na data huteremka kutoka cheo hadi cheo kama maji yafuatavyo mteremko. Nodi ikifa, walioitegemea hutafuta mzazi mwingine. Ni mpango mzuri. Lakini kwa hoja yetu unaongeza uzito badala ya kuupunguza. Kifurushi kilichoambaa walau kiligusa ukingo. Katika safari yake kilikusanya, pasipo kukusudia, umbo la pengo. Kifurushi kinachofuata cheo hakijui hata kwamba kulikuwa na pengo. Kimepata mzazi mwingine, basi.

Mfano wa kinyume unapatikana nyumbani kwetu Afrika Mashariki. Januari 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha punda milia wachache wa Laikipia, Kenya, kola zenye vihisi vya mahali. Katika eneo lile hapakuwa na mtandao wa simu wa kutegemea. Kola zilipokezana data pale wanyama walipokaribiana, zikazihifadhi, zikangoja hadi gari la watafiti lilipopita. Huko hakuna aliyeambaa chochote. Data zilivuka utupu kwa miguu ya punda milia. Na kwa kuwa kila kipimo kilifika na saa yake, ukimya uliachwa uonekane kuwa ukimya. Mtafiti hakuweza kudhani kwamba anajua alipokuwa mnyama jana usiku ikiwa taarifa ya jana usiku haijafika.

Nionavyo, mtandao wowote unaozunguka mapengo unapaswa kutimiza sharti moja ambalo halihitaji uvumbuzi mpya: kifurushi kilichoambaa kichukue orodha ya nodi za ukingo kilizozigusa, au ukingo wenyewe upeleke taarifa yake mara moja kila baada ya muda uliopangwa. Maarifa ya kuutambua ukingo yapo tangu 2004. Itifaki zisizojua mahali zinaweza kupeleka orodha ya wazazi waliopotea, na kituo kikalinganisha na mchoro wa siku vihisi vilipowekwa, ili pengo litenganishwe na mwanya. Gharama ni baiti chache na betri kidogo. Na ramani ya kituoni iliache pengo liwe jeupe, isilipake rangi ya jirani zake.

Kuhusu istilahi, tunapendekeza "pengo la uhisi", "mwanya wa mtandao", "mkwamo", "upitishaji wa pupa" na "kuambaa ukingo". Lililobaki kututatiza ni nomino ya hili la mwisho. "Mwambao" limekwisha kuchukuliwa na pwani, na kulinyang'anya huko si rahisi wala si haki. "Uambaaji" linafuata kanuni, ila halina ladha. Tunawaomba wenzetu wa lahaja za visiwani, hasa wanaokaa na mabaharia, watueleze kama kuna jina linalotumika chomboni kwa mwendo huo.